Kumtembeza Baba Mkwe Bila Kumwangalia

Mimi ni mtu wa kuongea. Nimezaliwa Igowole, kule Mufindi ambako ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mama alikuwa akisema nilianza kusema kabla ya kuota meno. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaolewa kwenye nyumba ambayo haruhusiwi kumwambia baba mkwe wake hata shikamoo.

Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwao, enzi hizo, mke wa mtoto wa kiume hakumwangalia baba mkwe usoni, hakusema naye, hakutaja jina lake, na wakikutana njiani mwanamke ndiye aliyeingia migombani mpaka mzee apite. Nyumba nyingine za jirani zilikuwa zimeshailegeza mila hiyo, hasa za watu wa kanisani. Baba mkwe wangu alikuwa katekista, mtu wa kusali na kusalisha, kwa hiyo nilitegemea mambo yatakuwa mepesi. Wapi! Kanisani alikuwa katekista, nyumbani alikuwa Mnyakyusa.

Baada ya harusi nilikaa kwake miezi kadhaa. Akifika karibu na uwanja wa nyumba alikohoa, na mimi nilikimbilia jikoni. Kwa hiyo kikohozi chake nilikijua vizuri, na miguu yake niliijua, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini siku zote. Kuanzia magotini kwenda juu sikumjua. Heshima yenyewe sikuikataa, hata sisi Wahehe tuna zetu za kupishana mbali na wakwe. Kilichoniuma kilikuwa kitu kingine.

Siku ya harusi yetu, kwetu Igowole, mzee hakuja. Walikuja baba wadogo na mashangazi, walipanda basi Mbeya, walinunua gunia la mchele pale Chimala kwa ajili ya karamu, wakateremka Mafinga na kumalizia safari kwenye lori la magogo. Waliimba, walikula, walinisifu. Mzee mwenyewe hakuonekana. Halafu wifi yangu mmoja, mwenye mdomo kama wangu, akaniambia jikoni tukimenya ndizi kwamba baba alikuwa ameshamwona msichana wa kwao, binti wa rafiki yake, na kwamba kusikia mwanawe anaoa Mhehe kulimnyima usingizi. Nilimuuliza mume wangu. Akasema baba ananyamaza kwa sababu ya mila, basi. Lakini mtu anayenyamaza kwa mila na mtu anayenyamaza kwa sababu hakutaki, wote wananyamaza vilevile. Utawatofautisha kwa lipi? Nililala na swali hilo Tukuyu, na nilipopanda ndege nikapanda nalo.

Maana tulipanda ndege. Katikati ya miaka ya sabini mume wangu alipelekwa Italia kusomea udaktari wa mifugo, katika mji wa Bologna, nami nikamfuata. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa huko. Mji huo ni wa zamani sana, umejengwa kwa matofali mekundu, na barabara zake karibu zote zina baraza ndefu zilizoezekwa, zenye nguzo, unatembea mji mzima mvua inanyesha na wewe hulowi. Wenyeji walinihurumia sana kwa baridi. Mwenye nyumba wetu aliniletea soksi, shali, kofia, akiamini ninatoka mahali pa jua na mchanga. Nilimweleza kuwa kwetu Mufindi mwezi wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi, na tunakwenda shule peku. Hakuniamini, lakini soksi nilizipokea.

Majira hayo ya baridi tukapata habari kwamba mzee anakuja. Padri wa parokia yao, Mwitaliano, alikuwa anawaongoza mahujaji kwenda Roma, na katekista wake alikuwemo. Kwa kuwa kwao yule padri ni karibu na Bologna, aliahidi kumshusha mzee kwetu asubuhi na kumchukua jioni pale stesheni, siku moja tu. Mume wangu alifurahi kama mtoto. Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipoambiwa ni siku gani. Ilikuwa siku ya mtihani wake wa mdomo, na profesa wake hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Akaniambia, "Utamtembeza wewe."

Nikamuuliza nitamtembezaje mtu nisiyemwona wala kusema naye. Tukabishana usiku ule mpaka mtoto akaamka. Mwisho yeye ndiye aliyepata njia. Nitatangulia mbele, mzee atanifuata nyuma kwa umbali wa heshima, na maneno yote yatapitia kwa mtoto. Mimi nitamwambia mtoto, na babu atasikia. Babu atamwambia mjukuu, na mimi nitasikia. Mila itakuwa imeheshimiwa, na mzee atakuwa ameuona mji. Mtoto alikuwa hajafikisha hata umri wa kukaa mwenyewe, lakini alikuwa amepata kazi ya ukalimani.

Nilikubali, na nitasema ukweli, sikukubali kwa ajili ya mji. Nilijiambia, siku nzima na huyu mzee, lazima nitajua. Lazima kitu kitamponyoka. Jioni akiondoka, nitakuwa nimejua kama mimi ni mkwe wake au ni mzigo tu ambao mwanawe amekwenda kuubeba Iringa.

Asubuhi ile nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikamzungushia blanketi, halafu nikavaa juu yake koti kubwa la mume wangu, kichwa cha mtoto kikachungulia kwenye ukosi. Nikasimama chini ya baraza, kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya mji, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Watu walinipita wakinitazama. Nikasikia sauti ya mume wangu, akiongea haraka haraka Kinyakyusa, nikasikia kikohozi. Mume wangu akapita mbele yangu, akanikonyeza, akakimbilia mtihani wake. Nikageuza macho chini kidogo, kwa pembeni, nikaona miguu.

Gambuti! Baba wa watu amekuja Ulaya na gambuti nyeusi za mvua, zile za kulimia kahawa Tukuyu, zimeng'arishwa mpaka zinaakisi nguzo. Juu yake suruali ya suti, na pindo la koti refu ambalo bila shaka lilikuwa la padri. Moyo ulinilainika kidogo. Mimi mwenyewe viatu vyangu vizuri vilikuwa vinavuja.

"Haya mwanangu," nikamwambia mtoto kwa sauti ya kusikika, "leo tunamtembeza babu. Twende."

Nyuma yangu kikohozi kimoja. Tukaondoka.

Tulianza na kanisa kubwa la pale uwanjani. Kwa mbele, nusu yake ya chini imefunikwa mawe mazuri meupe na mekundu, na nusu ya juu ni matofali matupu, kama nyumba ya mtu aliyeishiwa. Nilimwambia mtoto kwamba kanisa hili lina mamia ya miaka na halijakamilika mpaka leo. Nikadhani mzee hajasikia. Kisha sauti yake ikaja, nzito, ya mtu aliyezoea kusoma masomo bila kipaza sauti.

"Mjukuu, mwulize mama yako kama ni kweli au anatania."

Nikamjibu mtoto kwamba ni kweli kabisa, muulize yeyote. Mzee akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akaanza kumweleza mjukuu kwamba kanisa la kwao limekaa bila paa misimu miwili, waumini wanafyatua matofali kila Jumamosi na mvua inayaharibu, na watu wa kigango cha jirani wanawacheka. Akasema akirudi atawaambia wasiwe na haraka. Akaingia kusali, nami nikakaa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo iliyo nene kuliko jiko la mama mkwe, nikimnyonyesha mtoto na kuwaza kwamba mpaka hapo tumeongea habari za matofali tu.

Kutoka pale tukaenda kwenye minara. Bologna ina minara miwili mirefu iliyojengwa zamani na matajiri waliokuwa wakishindana, na yote miwili imeinama, mmoja umeinama hasa. Nilimwonyesha mtoto, nikamwambia asiogope, umeinama hivyo tangu mababu zao. Gambuti zikasimama. Mzee akamwambia mjukuu kwamba yeye haogopi, ila mama yake amebeba mtoto, kwa hiyo wote wapite upande wa pili wa barabara. Tukavuka. Nilichekelea kimoyomoyo, nikajisemea anamjali mjukuu wake. Mjukuu kila mtu anamjali. Hilo halikuwa jibu langu.

Kwenye chakula ndipo tulipopata kazi. Kula pamoja ni mwiko mwingine. Nilikuwa nimenunua zile mbegu kubwa za kahawia wanazochoma kwenye karai lenye matundu, zina utamu kama wa kiazi kitamu, moto, zimefungwa kwenye karatasi. Mpango wangu ulikuwa rahisi: naweka karatasi moja juu ya ngazi, natembea mbele, mzee akifika anachukua. Nikaweka, nikaondoka. Sijafika mbali, mama mmoja wa Kiitaliano ananikimbilia akihema, signora, signora, umesahau mzigo wako. Nikamshukuru. Nikaweka tena kwenye ngazi nyingine. Safari hii kijana wa baiskeli akaniletea. Wema wa watu wa mji ule sijapata kuuona, na siku hiyo ulinikera kupita kiasi. Nikaweka mara ya tatu, na mama yule wa kwanza, ambaye alikuwa bado ananiangalia kwa wasiwasi, akaja akanishika mkono na kuniuliza kama ninaumwa.

Nyuma yangu mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akamwambia mjukuu, "Mwambie mama yako anipe kupitia kwa huyo mama." Basi yule mama wa watu akabeba karatasi kutoka kwangu akampelekea mzee aliye hatua chache nyuma, akarudi na salamu, akatutazama mimi na yeye, akaenda zake akitikisa kichwa. Naamini aliwasimulia nyumbani kwao kwamba Waafrika wawili wamegombana.

Mimi nilikuwa nimeanza kufurahi kweli. Tulizunguka barazani, nikamweleza mtoto habari za chuo kikuu cha pale na mifereji iliyofichwa chini ya nyumba, na mengine ambayo sikuwa na hakika nayo nikayasema kwa sauti ileile. Mzee alikohoa kukubali. Nikapata ujasiri. Nikajaribu kumchokonoa. Nilimwambia mtoto, "Mwanangu, babu yako safari hii amekuja mbali sana, na Igowole ni karibu tu na Tukuyu." Nikanyamaza, masikio yamesimama kama ya sungura.

Hakikuja kikohozi. Halikuja neno. Gambuti ziliendelea kupiga mawe nyuma yangu, tap, tap, kama hakuna lililosemwa. Nikaona uso unaniwaka moto katika baridi ile. Nikasema moyoni, haya, umejibiwa. Nikaongeza mwendo, na hapo nilikuwa na hasira, sifichi.

Tukaingia kwenye vichochoro vya soko, nyuma ya uwanja. Ni vyembamba, maduka yametoa meza nje, mapaja ya nguruwe yananing'inia juu, samaki wamelala kwenye barafu, na jibini duara kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Watu wamejaa, wanaongea wote kwa pamoja. Ukungu nao ulikuwa umeanza kushuka. Kwetu Mufindi ukungu naujua, lakini kule najua kila mti na kila shimo. Huu ulikuwa mzito, wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, ukameza kwanza minara, halafu paa, halafu watu wa mwisho wa kichochoro. Mimi nilikuwa nimenuna na natembea. Nilimtajia mtoto majina ya vitu kwa mkato, kama mwalimu aliyechoka: samaki, jibini, mkate.

Tulipotokea upande wa pili nikamwambia mtoto kwamba sasa tutarudi uwanjani, halafu stesheni, padri asije akasubiri. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikajua amekasirika kwa yale maneno ya Igowole. Nikasubiri. Nikasikiliza tap, tap ya gambuti, nikasikia viatu vya kila aina isipokuwa hizo.

Unajua ilinichukua muda kugeuka? Mzee wa watu huenda amepotea katika nchi ya ugenini, na mimi nimesimama kama nguzo, shingo inakataa. Nilipogeuka hatimaye, hapakuwa na mtu. Ukungu tu na mwanamke mmoja mwenye mbwa.

Nikaingia tena kichochoroni mbio. Na nitamtafutaje? Jina lake siwezi kulitaja, hata kwa kuita. Sura yake siijui. Nilikimbia nimeinamisha kichwa, naangalia miguu ya Waitaliano, viatu vyeusi, viatu vya kahawia, viatu vya visigino, nikigongana na vikapu, mtoto mgongoni anacheka akidhani ni mchezo. Mambo mabaya yote yalinipita kichwani. Nilimwona mzee amepanda treni isiyo yake. Nilimwona amelala nje kwenye baridi. Na juu ya yote nilijiona mimi, Tukuyu, mbele ya ukoo mzima: yule Mhehe alipewa baba wa watu siku moja tu, akampoteza kwa kisirani chake.

Uwanjani nikamkuta polisi wa mji, kijana mwenye kofia nyeupe na glavu nyeupe. Kiitaliano changu kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Nikamwambia nimempoteza baba mkwe. Akaniuliza jina lake nani. Nikamwambia najua ila siwezi kulisema. Akanitazama. Akauliza basi ana sura gani, mnene, mwembamba, ana ndevu? Nikamwambia sijui, sijawahi kumwangalia. Akauliza kama tumekutana leo tu. Nikamwambia hapana, niliishi kwake.

"Signora," akasema taratibu, "kuna kitu chochote unachokijua kuhusu mtu huyu?"

Nikamwambia kuanzia magotini kushuka chini namjua vizuri sana, na amevaa gambuti.

Kijana wa watu akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Akasema kuna mzee mmoja Mwafrika kituoni kwao, pale chini ya baraza ya jumba la manispaa, na kweli ana mabuti ya mpira. Nikaanza kwenda. Akaninyooshea mkono nisimame. Akasema nisijisumbue, huyo siye wangu.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu huyo hakupotea. Yeye ndiye anayemtafuta mtu. Amempoteza binti yake."

Nikamwomba aniambie vizuri. Akaeleza kwamba mzee alikuja mwenyewe, anahema, anawaambia maneno wasiyoyajua na kuonyesha mgongo wake kwa mikono, mpaka wakadhani ameibiwa mfuko. Kumbe anajua Kilatini cha misa. Wakamwita padri kutoka kanisani, wakaelewana kidogo kidogo. Mzee alisema binti yake amepotea kwenye ukungu na mtoto mgongoni, kwamba ni mgeni katika nchi hii, kwamba ana baridi. Walimpa kiti, hakukaa. Walimpa kahawa, akasema atakunywa binti yake akipatikana.

"Wewe unamtafuta baba mkwe," akamaliza yule polisi, akijitahidi kuwa mpole. "Yeye ana binti. Ni kesi mbili."

Nikamuuliza kama labda padri hakuelewa, kama labda mzee alisema mke wa mwanawe. Kijana akatikisa kichwa. Akasema padri naye alifikiri hivyo, kwa kuwa mzee alishamwambia kwamba mwanawe anasoma hapa. Akamuuliza mara mbili, ni mke wa mwanao? Na mzee alikasirika, akapiga buti chini, akarudia neno lilelile. Binti. Wake.

Nilisimama pale katikati ya uwanja, machozi yananitoka na pua inanitoka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata siku ya harusi yangu. Mwaka na zaidi nilikuwa nimengoja mtu huyu aseme neno, na amekwenda kulisema kwa polisi.

"Ndiye yeye," nikamwambia kijana. "Na binti anayetafutwa ni mimi."

Akauliza sasa mimi ni binti au ni mkwe, maana lazima ajue. Nikamwambia twende tu.

Nilipoziona gambuti zimesimama mlangoni pa kituo, nikageuka haraka, nikampa mzee mgongo, na mtoto akamwona babu yake akapiga kelele za furaha. Nilisikia pumzi ndefu nyuma yangu, ya mtu anayetua mzigo. Polisi wote walikuwa wametoka nje kuona watu waliotafutana wakikutana, nao wakaona mwanamke amegeukia ukutani. Kikombe cha kahawa kilinywewa nyuma yangu mpaka mwisho.

"Mjukuu," mzee akasema, na sauti haikuwa imetulia, "mwambie mama yako nilisimama kuangalia ndizi. Wanaziuza moja moja, kama mayai. Nilipoinua kichwa hakuwepo."

Nikamwambia mtoto amwombe babu msamaha, mama alikuwa anatembea haraka mno.

"Mwambie ukungu huu si wa kuachana. Mimi nitakuja karibu."

Na kweli alikuja karibu. Kutoka uwanjani mpaka stesheni, chini ya baraza ile ndefu, alitembea nyuma yangu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua, na kila tulipovuka barabara mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto, mgongoni kwangu. Tuliongea njia nzima. Mtoto alikuwa amelala fofofo, lakini hakuna aliyejali, tuliendelea kumtuma. Mzee alimsimulia matofali tena, na bei ya kahawa, na yule wifi yangu mwenye mdomo aliyepata mchumba huko Kyela. Mimi nilimsimulia mambo ya mwenye nyumba na soksi zake. Nilicheka sana. Hatukurudia habari za Igowole, na sikuwa na haja nazo tena.

Stesheni yule padri wa parokia yao alikuwa anangoja. Nilimfungua mtoto, padri akampokea kutoka kwangu na kumpa babu yake, na nikasikia mzee anamsalia, Kinyakyusa, polepole, hana haraka na treni ya mtu. Halafu mtoto akarudishwa kwangu, ana joto la mikono mingine, na treni ikamezwa na ukungu.

Mume wangu nilimkuta nyumbani anatembea huku na huku. Amefaulu mtihani. Lakini hata hakungoja nimpongeze, akaniuliza kama baba ameuona mji, kama amekula, na mwisho, akiangalia pembeni kwa sababu alijua lilivyokuwa likiniuma, kama baba alisema nami lolote.

"Na wewe," nikamwambia, nikivua lile koti lake. "Baba aseme nami? Unajua mila zenu."

Akanitazama kwa kunihurumia. Nikaingia jikoni kusonga ugali, ule wa unga wao wa manjano, na nilikuwa naimba.